Joto na umeme havisafiri pamoja kila mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maelezo kuhusu makala yenu ya sayansi iliyotufundisha kwamba kinachopitisha umeme vizuri hakina budi kupitisha joto vizuri, kwa kuwa vyote viwili hubebwa na elektroni zilezile, yaani chembe ndogo zenye chaji zilizomo ndani ya atomi. Kwa shaba ya nyaya au alumini ya sufuria maneno hayo ni sahihi, na yanatokana na kanuni waliyoitoa wanafizikia Wiedemann na Franz mwaka 1853. Kosa ni kuitandaza kanuni hiyo juu ya kila dutu.

Kanuni hiyo husimama pale ambapo elektroni hazisumbuani sana. Katika oksidi nyingi za metali, yaani metali zilizoungana na oksijeni, elektroni husukumana kwa nguvu kubwa kiasi kwamba kila moja hubaki kwenye atomi yake. Kwa hesabu za kawaida, oksidi ya nikeli ilipaswa kupitisha umeme, lakini mwaka 1937 watafiti de Boer na Verwey walibainisha kwamba haipitishi, na Nevill Mott, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1977, akaonyesha kwamba kinachoikwamisha ni msukumano huo.

Hata hivyo, elektroni iliyokwama bado ina spini, tabia inayoifanya iwe sumaku ndogo sana, na kwa kuwa spini za majirani hufungamana, moja ikigeuka mtikisiko wake hupokewa na ya pili, kisha ya tatu, na nishati husafiri bila chaji kuhama. Ni kama wachukuzi wa soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga: wakisimama mstari na kupokezana makapu, samaki hufika mnadani ilhali hakuna aliyeondoka mahali pake. Zipo oksidi za shaba ambazo atomi zake zimepangika kwa umbo la ngazi. Vipimo vilivyochapishwa tangu mwaka 2000 vinaonyesha joto likipita kwa wingi kufuata urefu wa ngazi hizo na kwa uchache likizikata kwa mapana, hata katika zile ambazo ni vihami vya umeme, yaani hazipitishi umeme. (Almasi, ambayo nayo hupitisha joto vizuri bila kupitisha umeme, nimeiacha makusudi, kwani joto lake hubebwa na mitetemo ya atomi, jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanalijua.)

Kinyume chake pia kipo. Dioksidi ya vanadi, oksidi ya metali iitwayo vanadi, hugeuka kutoka kihami kuwa metali ikifika takribani nyuzi 67 za Selsiasi, na mwaka 2017 watafiti wa Berkeley, Marekani, walitangaza kwamba karibu na hapo elektroni zake hupitisha umeme huku zikibeba joto takribani mara kumi pungufu ya lile linalotarajiwa na kanuni.

Kwa kuwa mwandishi wenu ameahidi sehemu ya pili ya makala yake, namwomba aitaje kanuni hiyo pamoja na mipaka yake, kwani watahiniwa huku Tanga huyasoma magazeti kama vitabu vya kiada.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia,
Chumbageni, Tanga