Utafiti wa Sera za Mikoani Uanze kwa Wenyeji

Ndugu Mhariri,

Anayeongoza utafiti wa sera za maendeleo ya jamii za mikoani hapaswi kutegemea wastani wa kitaifa pekee, kwa kuwa wastani huficha kijiji chenye zahanati isiyo na mhudumu. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba wenyeji wanaotumia msitu au mfereji wa umwagiliaji kwa pamoja huweza kujiwekea kanuni zinazodumu. Alichunguza kwa makini nani huchota maji, kwa zamu ipi, na mkiukaji huadhibiwaje. Kwa hiyo wenyeji washirikishwe tangu maswali yanapotungwa na, jambo linalosahauliwa mno, warudishiwe matokeo kwa lugha wanayoielewa kabla sera haijapitishwa.

Wako,
Msomaji