Wasio na muda waanze na Kusadikika

Mhariri,

Vijana wanaoleta nguo kibandani kwangu nikiwauliza kuhusu vitabu hunijibu kwamba hawana muda. Huwaonyesha Kusadikika ya Shaaban Robert, riwaya nyembamba inayoenea mfukoni mwa koti. Niliimaliza kwa jioni mbili, cherehani ikiwa imefunikwa.

Ilichapishwa 1951, wakati wa ukoloni, nayo inasimulia nchi inayoelea angani. Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Mbele ya mfalme hapigi kelele. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Kwa mjumbe wa tatu nilisimama nikasoma upya. Uchungu ulinijaa.

Ukiipenda, chukua Adili na Nduguze ya mwandishi huyohuyo. Adili, mtu mwema, huchapa manyani wawili kila usiku; sababu yake mtaikuta wenyewe.

Naomba gazeti litenge hata kona ndogo kila Jumamosi kwa riwaya fupi za zamani. Wateja wangu wakisubiri suruali zipunguzwe, hulisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga