Mtoto akishasema, mtu mzima afanye nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja ambalo mimi, nikiwa mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto katika mtaa wetu, nimeliona likitukwamisha mara nyingi kuliko uhaba wa fedha au wa askari: tumejitahidi sana kumfundisha mtoto kusema, lakini hatujamfundisha mtu mzima la kufanya mtoto akishasema.

Kila ifikapo tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wetu huandamana na mabango na kughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Sina ugomvi na maadhimisho hayo, kwani chimbuko lake ni damu ya wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Shuleni nako watoto wanaelezwa tofauti ya mguso salama na usio salama, na wengi wao wanaijua namba 116, simu ya bure ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya mtoto. Niliwauliza wazazi wao namba hiyo hiyo katika mkutano wa mtaa, na mikono iliyonyooshwa haikufika kumi, ingawa sidhani kama alikuwapo asiyejua kwa kichwa namba ya bodaboda wake.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na takribani mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kamati kama yetu zilipata nguvu kutokana na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tunaouita MTAKUWWA, uliopangwa kuanza mwaka wa fedha 2017/18, na kazi yetu ni kuwa jicho la mtaa. Jicho hilo, hata hivyo, aghalabu huletewa habari wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Naomba nieleze yanavyoharibika. Mama anapogundua kwamba mwanawe ametendewa unyama, jambo la kwanza linalomjia, kwa uchungu na kwa huruma, ni kumwogesha, kumvika nguo safi na kuzifua zile za mwanzo. Hakuna anayeweza kumlaumu, lakini maji hayo ndiyo yanayoondoka na ushahidi ambao daktari angeuona. Siku mbili hupita akimsubiri baba arudi safari, au akimtafuta shangazi wa kumpa ushauri, wakati dawa za kumkinga mtoto asiambukizwe Virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Mtoto anapaswa kufikishwa hospitali siku ile ile, akiwa vile vile alivyo, na nguo zake zifungwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni unaozivundisha. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mtoto hana haja ya kurudia masimulizi yake katika kila dirisha.

Baada ya maji huja kikao. Wazee wa pande mbili hukutana sebuleni, hutajwa fedha au mbuzi, na husemwa lile neno ambalo nimelisikia hadi nimelichoka, kwamba jambo hili limalizwe kifamilia. Mtoto husafirishwa kwa bibi yake kijijini, na kesi, kama ilikwisha kufunguliwa, hudhoofika kwa kukosa mashahidi. Nimejifunza kwamba wanaokaa vikao hivyo hawafanyi hivyo kwa tamaa tu. Wanajua kwamba adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwamba kwa msichana aliye chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha, nao huulizana nani atawalisha watoto wa mtuhumiwa. Swali hilo ni la kweli na linastahili jibu la ustawi wa jamii. Ila jibu hilo haliwezi kuwa mtoto aliyeumizwa kulipia chakula cha wengine. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungo cha 95, inamwekea kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha serikali za mitaa, wala haimruhusu kwanza kupima undugu.

Lipo pia suala la maneno, ambalo wengine huenda wakaliona dogo. Sisi wazazi tunaona haya kutaja viungo vya mwili mbele ya watoto, hivyo mtoto hubaki na kauli moja tu, kwamba fulani “alinifanyia tabia mbaya”. Kauli hiyo inaweza kumaanisha kuchunguliwa bafuni, na inaweza kumaanisha kubakwa. Sheria yetu inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, lakini mtoto huyo atausemaje ukweli wake iwapo nyumbani alinyimwa maneno?

Kwa sababu hizo tumeacha kusubiri Juni. Tunaomba dakika kumi katika vikao vya vikoba, baada ya ibada, na kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako, kinyume na nilivyodhani, tunasikilizwa kuliko mahali pengine popote. Hatuhutubii kuhusu maadili; tunaeleza habari ya maji, nguo, saa 72 na namba 116, kisha tunaondoka. Hivi karibuni mama mmoja, mwanachama wa kikoba, alitujia usiku na nguo za mwanawe zikiwa katika mfuko wa karatasi, hazijafuliwa.

Ombi langu kwa halmashauri zetu ni kwamba zinapopanga bajeti ya mabango na fulana za maadhimisho, zitenge pia nauli ya kamati za mitaa. Usiku ule, fedha ya kukodi gari hadi hospitali ilitoka kwenye sanduku la kikoba.

Mjumbe wa kamati ya mtaa,
Mkoa wa Morogoro