Kabla hujachagua mionzi, Baba Neema

Rau, Moshi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, migomba inasimama, na Mama Upendo anakusalimu wewe na mama wa nyumbani. Barua yako niliipokea juzi kwa kijana wa Coaster. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango wa chumbani, kwa ajili ya ule mstari ulioukata kwa kalamu ukidhani hausomeki. Unasomeka. Nitaufikia.

Kwanza pole kwa hiyo kansa ya tezi dume. Halafu tulia. Kile kipimo cha damu, PSA, 11; alama ya ukali wa kansa, Gleason, 7 ya tatu jumlisha nne; mifupa safi: hayo ni majibu ya mtu aliyewahi. Siku nilipokuwa nasubiri majibu ya kinyama walichonikata kwenye tezi pale hospitali ya KCMC, mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameletwa amebebwa, kansa imeshafika uti wa mgongo, na maishani mwake hakuwahi kupima hata mara moja. Wewe una wiki kadhaa za kuuliza na kulala juu ya jibu. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao kansa yao ya tezi dume ilikamatwa mapema. Wapo waliopasuliwa, wapo waliopigwa mionzi, na wapo walioangaliwa tu kwa karibu. Matokeo yaliyotoka 2023 yanaonyesha kwamba baada ya miaka 15, kama 97 katika kila 100 walikuwa hawajafa kwa kansa hiyo, kundi lolote walilokuwemo. Binti yangu mfamasia alinisomea hayo mezani, na usiku ule ndio niliopata usingizi.

Sasa unaniuliza mashine ipi. Nilijua tu. Umeendesha watalii Serengeti miaka yote hiyo na bado unaamini kila shida ina gari lake. Daktari amekupa njia tatu za mionzi, mwanao wa Houston kaongeza ya nne, na wewe umekaa unalinganisha mashine. Mimi nakuuliza kitu kingine: usiku unaamka mara ngapi, na mkojo unatoka kwa nguvu au unadondoka? Usinidanganye. Tulipolala Karatu kwenye msiba wa shemeji yako ulitoka nje mara nne, na safari moja ulikaa huko hadi nikachukua tochi kukufuata. Tena umeandika kwamba tezi yako ina ukubwa wa mililita 70. Mwambie daktari mambo hayo mawili kabla hajaanza kukueleza lolote, maana mionzi ya aina yoyote huivimbisha tezi kwa muda, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mtu aliyeanza akiwa amebanwa anaweza kuishia kutembea na mpira wa mkojo.

Chukua zile mbegu zilizokuvutia. Ni vipande vya iodini-125, iodini inayotoa mionzi, vidogo kama punje ya mchele, vinadungwa kwa sindano ndani ya tezi na vinabaki humo maisha yote, nguvu yake ikipungua nusu kila baada ya siku 60 hivi. Kazi ya siku moja, unarudi nyumbani. Inapendeza. Lakini tezi ikizidi mililita 50 au 60 madaktari wengi husita, na mwenye shida ya mkojo tangu awali ndiye anayeteseka nazo zaidi. Halafu miezi miwili ya mwanzo unakatazwa kumpakata mtoto mdogo kwa muda mrefu. Wewe? Na yule mjukuu asiyeshuka mapajani mwako? Iko pia mionzi ya ndani ya iridiamu, ambayo huingizwa na kutolewa palepale bila kuacha kitu mwilini, ila mara nyingi huongezwa juu ya mionzi ya nje kwa wenye ugonjwa mkali kuliko wako.

Mionzi ya nje ya siku tano naelewa kwa nini umeiwekea nyota. Dozi kubwa, safari tano tu, basi. Hata mimi ningeitamani nikifikiria gharama ya kukaa ugenini. Na si ya kubahatisha: utafiti uliochapishwa 2024 uliilinganisha na mionzi ya wiki nne au zaidi, na baada ya miaka mitano kansa ilikuwa haijarudi kwa kama 96 katika 100 upande wa siku tano, na kama 95 upande wa pili. Sawa kwa sawa. Ila katika miaka hiyo, waliopata usumbufu wa mkojo wa wastani au zaidi walikuwa 27 katika 100 kwa siku tano, na 18 kwa wale wengine. Kwa mwanaume anayekojoa kama bomba, tofauti hiyo anaweza kuivumilia. Kwa mtu wa Karatu, sina hakika.

Protoni za Houston, ile mionzi ya chembe anayoisifu mwanao, nitazimaliza haraka. Wamarekani waliwapima wanaume 450, protoni kwa mionzi ya kawaida ya kisasa, na matokeo ya 2024 hayakuonyesha tofauti katika maisha yao ya baada ya tiba. Mwambie kijana asante, ile hela atume ya nauli na ya kula.

Mimi nilipigwa mara 20. Wiki nne, Jumatatu hadi Ijumaa, hospitali ya kansa ya Ocean Road kule Dar, kwenye yale majengo ya enzi za Wajerumani yanayopigwa na upepo wa bahari. Zamani ilikuwa karibu wiki nane. Waingereza walijaribu kwa wanaume zaidi ya 3,000, na tangu 2016 ikajulikana kwamba grei 60 (ndivyo wanavyopima dozi ya mionzi) kwa siku 20 hazishindwi na grei 74 kwa siku 37. Nikaokoa karibu mwezi mzima wa kumsumbua mpwa wangu wa Mbezi.

Mionzi yenyewe huisikii. Unalala, mashine inakuzunguka, dakika kumi na kitu umetoka. Kazi iko kwenye maji. Kibofu kinatakiwa kijae, ili kisukume utumbo mbali na mionzi, na njia ya haja kubwa iwe tupu, ili tezi isisogezwe. Kwa hiyo unakunywa nusu lita, unasubiri nusu saa, unaingia. Hiyo ni kwenye karatasi. Siku ya tatu nilikunywa kwa wakati, foleni ikachelewa, nikawa nimesimama ukutani nimebana miguu kama mtoto wa darasa la kwanza, mwalimu kamkatalia ruhusa. Siku ya tisa niliteremshwa kitandani kwa sababu picha ilionyesha tumbo limejaa gesi. Muuguzi akaniuliza nilikula nini. Maharage, dada. Akanitazama tu. Tangu siku hiyo makande, kabichi na soda nikaviona kwa macho. Na kahawa, Baba Neema! Mimi niliyekula mshahara wa kuonja kahawa maisha yangu yote, naambiwa inakichokoza kibofu. Nikauliza kama kuonja na kutema kunaruhusiwa. Alicheka hadi akakaa.

Wiki ya tatu uchovu ukaja, ule wa kulala mchana umekaa. Mkojo ukawa unaunguza na kunikurupusha, choo kikalainika. Mwezi na nusu baada ya kumaliza, karibu yote yalikuwa yameondoka. Ukija kuona damu kwenye choo hata baada ya mwaka, usinyamaze na usijitibu, rudi kwao.

Kuhusu sindano za homoni, zile za kuzima homoni ya kiume inayoilisha kansa: kwa hali yako watazungumzia miezi sita hivi, na kwako wewe zina faida ya ziada, huwa zinaipunguza tezi kabla ya mionzi. Jiandae na joto. Julai, baridi ya Moshi unaijua, watu kanisani wamejifunika makoti, mimi najipepea na kitabu cha nyimbo.

Haya, ule mstari. Uliandika, "na mambo ya chumbani je?" Nakujibu kama ndugu. Wakati wa sindano hamu ilikufa kabisa, si kupungua, ilikufa. Ilirudi taratibu, miezi mingi baada ya sindano ya mwisho. Nguvu zenyewe hazijarudi zote, na mionzi huzipunguza polepole kwa miaka, si kwa siku moja. Vidonge vinawasaidia wengi, nami vimenisaidia. Lakini wewe unatumia ile dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, na vidonge hivyo vikikutana nayo presha inaweza kushuka hadi ukapoteza maisha. Usivinunue kimyakimya dukani. Mwambie daktari, na kabla ya daktari mwambie Mama Neema. Mimi nilichelewa kumwambia mwenzangu, akadhani nina mtu Dar.

Na ukishamaliza, usiitegemee PSA ishuke hadi sifuri. Inashuka kwa mwendo wa kinyonga, mwaka, mwaka na nusu, na katikati inaweza kuruka kidogo bila ubaya wowote. Yangu ilifika 0.6, ikapanda hadi 1.1, nikaanza kuwaza nani apewe shamba la Kibosho. Daktari akasema wanashtuka inapovuka kwa mbili ile namba ya chini kabisa. Vipimo viwili baadaye ilikuwa 0.5.

Kwa hiyo, ningekuwa wewe, ningeenda kumuuliza daktari kuhusu siku 20, homoni zikitangulia, na ningemwomba anipime kasi ya mkojo kabla ya kuandika chochote. Mimi si daktari. Akikwambia mkojo wako uko vizuri kuliko ninavyoukumbuka, siku tano zako zichukue na mimi nitanyamaza.

Jumamosi nakuja Arusha na Coaster ya saa tatu. Toa majibu yote kwenye bahasha uyapange mezani, na ile ya MRI usiisahau kwenye gari kama kawaida yako. Mama Neema apike makande, sufuria ile kubwa. Utakaa muda mrefu bila kuyaona.

Wako,
Baba Upendo