Kabla hujampa mtu, soma namba

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum. Barua hii nampa dereva wa basi la usiku, maana jana ulipopiga simu mamako aliishika mpaka salio likaisha, nami sikupata hata neno.

Konsatina ya babu yako, kile kinanda kidogo cha kuvuta na kusukuma, iweke kwenye begi la mkononi. Ule mvukuto haustahimili kukandamizwa na masanduku ya watu. Na yule bwana anayesema atakupokea uwanja wa ndege London "aitazame kidogo", asiiguse kabla hujaisoma namba wewe mwenyewe.

Anasema haina thamani kwa kuwa haina jina la aliyeitengeneza. Mafundi wa London walikuwa wakiwatengenezea wenye maduka, duka likabandika jina lake, kwa hiyo hata ukiona jina huenda ni la muuzaji tu. Lakini na wewe usiote kuwa ni ya fundi Jeffries, kama waotavyo binamu zako. Zake ndizo zinazofika maelfu ya pauni. Yetu ina vitufe 20, pembeni mbao, ukivuta inalia hivi na ukisukuma inalia vingine. Ni aina iitwayo Anglo, ya kawaida.

Mimi nasema ni ya Lachenal. Karibu na mkanda wa mkono pana muhuri mdogo wenye picha ya ulimi, mfano wa zile ndimi zinazolia mle ndani. Louis Lachenal alikuwa Mswisi, akimfanyia kazi Wheatstone, mtengenezaji wa konsatina wa London, kisha akaanza karakana yake. Alipofariki 1861 mjane wake akaishika kazi. Hapo mamako amepapenda, tayari jirani kashaelezwa.

Ukifika, tafuta meza yenye mwanga, fungua zile skrubu 6 za upande mmoja, na kila moja irudi tundu lake. Namba imegongwa kwenye mbao za ndani. Linganisha na upande wa pili. Zikitofautiana, basi kuna fundi aliunganisha mbili zikawa moja. Madaftari ya namba ya Wheatstone yamehifadhiwa makumbusho ya Horniman hukohuko London. Ya Lachenal hayakubaki, kwa hiyo namba itakupa mwaka wa kukadiria tu. Hata hivyo isome, uipige picha, unitumie, ndipo uongee na huyo bwana.

Habari ya karatasi ya jina iliyokuwa kwenye kidirisha cha pembeni, usiniulize. Mwaka ule ilipopakwa vanishi kuna kijana alikuwa na msasa mkononi, akadhani ni uchafu. Babu yako alirudi, akaitazama, akaenda kuswali. Hakusema kitu, wala siku hiyo hakuipiga.

Wewe huna pupa hiyo, alhamdulillahi, na shule umesoma kutushinda sote. Ila waamini watu upesi mno, na simu ya babako huipokei mpaka ilie mara tatu. Mtu akikwambia niachie mpaka kesho, mwambie baba hajaruhusu. Nisingizie mimi.

Tangi la maji limetengenezwa, bado linavuja kidogo. Shangazi yako ameleta achari za maembe, chupa mbili, zifunge vizuri zisije zikamwagikia konsatina. Na ufunguo wa kabati la sahani umeondoka nao; utafute kwenye ule mkoba wa kahawia, umpe dereva huyuhuyu akirudi. Wageni wanakuja Jumapili na sahani zote zimo humo.

Babako