Injini imekufa na mfuko umetoboka: tunavyoamua kufumua au kununua nyingine

Wiki mbili zilizopita Toyota IST moja ilifika hapa gereji kwetu Tabata, Dar es Salaam, ikiwa imefungwa kamba nyuma ya Noah. Ni gari la teksi ya mtandao. Dereva yumo ndani kashika usukani, jasho linamchuruzika. Fundi wa mtaani kwake alishamwambia injini imekufa, atafute nyingine. Hata kabla hajashuka akaniuliza, "Fundi, injini ya 2NZ siku hizi shilingi ngapi?"

Nikamwambia hilo ni swali la tatu, kaka. La kwanza, imekufa wapi? La pili, imeuawa na nini?

Mtaani "injini imekufa" ni neno pana mno. Iliyounguza gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku) imekufa. Iliyonoki, yaani inayogonga ndani, imekufa. Iliyotoboa bloku mpaka unachungulia pistoni kwa nje, nayo imekufa. Gharama zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inaweza kurudi barabarani ndani ya siku chache, ya mwisho hata tukiifumua (kuifungua yote na kuitengeneza upya) ni ya kutolea spea tu. Ndiyo maana mteja mwenye hela ya mawazo tunamwomba kwanza alipie vipimo. Wengi hununa. Nilipe ili niambiwe kitu ambacho fundi mwingine kanambia bure? Sawa, ila ushauri wa bure ukikupeleka kununua injini usiyoihitaji, hesabu mwenyewe.

Tunaanza na kijiti cha oili. Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili. Kisha tunatoa plagi zote nne na kupima mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Kwa injini hizi za NZ (1NZ na 2NZ za Toyota) zilizojaa mjini, silinda yenye afya husoma kama psi 210 (psi ni kipimo cha mgandamizo), ya chini kabisa inayovumilika ni 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda moja ikisoma chini peke yake, tunaidondoshea oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Ikigoma, shida iko kwenye valvu. Lakini zikishuka mbili zinazopakana, na nyingine zikabaki nzima, karibu kila mara gasketi imepasuka katikati yake.

Ndivyo ilivyokuwa IST ile: silinda ya 2 na ya 3 hoi, ya 1 na ya 4 nzima. Injini "iliyokufa" ilihitaji gasketi na kusagwa hedi.

Nini kiliiua? Rejeta. Alikuwa akiongeza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar mnajua wenyewe chumvi yake. Maji yale yanakula aluminiamu, kutu inashuka, vinjia vya rejeta vinaziba kimoja kimoja. Siku ya foleni, jua la saa nane, gari likachemsha. Na hapa niwakumbushe wenye IST, Vitz na Passo: dashibodi nyingi za gari hizi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemka, basi. Maji yakiisha kabisa hata taa yenyewe inaweza kuchelewa, kwa sababu kihisio kinasoma joto la maji, na maji hayapo. Dereva anaona kimya anadhani salama.

Hedi tukaifungua, tukaweka rula ya chuma juu yake na kupenyeza filageji, vile vijibamba vyembamba vya kupimia uwazi. Toyota wanaruhusu ipinde milimita 0.05 tu, nyembamba kuliko unywele. Yake ilizidi, ikaenda mashineni. Bolti za hedi nazo huwa tunazipima, hatuzirudishi kwa mazoea. Injini hizi zinakazwa kwa torki (nguvu ya kukaza) ndogo ya kuanzia, kisha kila bolti inazungushwa digrii 90 mara mbili, maana yake bolti inavutwa makusudi. Iliyokwisha kurefuka haishiki tena, na gasketi mpya itavuja ndani ya mwezi. Kuna watu hupenda kubana matumizi hapa. Banieni kwenye taa za urembo, si hapa.

Injini iliyonoki ni habari nyingine. Hiyo unaisikia: ko-ko-ko, inafuata mguu wako kwenye aksileta. Hapo tunashusha sampu, karai la oili lililo chini ya injini. Oili tunaimwaga kwenye karai safi na kuimulika kwa tochi, na kama beringi zimeliwa utaiona inameremeta kama rangi ya gari la bei mbaya. Tunapitisha sumaku. Vumbi ambalo sumaku hailinasi mara nyingi ni la beringi zenyewe. Likinasa, ni chuma, na mteja naanza kumwonea huruma mapema.

Kisha kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Tukishafungua kofia za konrodi (mikono inayoshika pistoni) na kufuta kranki (shafti kuu inayozungushwa nayo) kwa kitambaa, pitisha ukucha taratibu pale beringi inapokaa. Ukiteleza kama juu ya kioo, kuna matumaini: tunathibitisha kwa maikromita, beringi mpya zinaingia, pampu ya oili inakaguliwa, njia za oili zinasafishwa zote. Ukikwama kwenye mikwaruzo, kranki iende kwa mkerezaji, au itafutwe nyingine. Huwa nawaita wateja wapitishe ukucha wenyewe ili wasidhani nawapangia bei. Mama mmoja mwenye Vitz alipitisha mara moja tu, akanitazama. "Fundi, hapa kuku wameparua."

Sasa kufumua au mtumba? Mafundi wenzangu wengine watanuna, lakini msimamo wetu ni huu. Injini za zamani za bloku la chuma, kama 5A ya Corolla 110 au 3S ya Noah za mwanzo, zinafumulika vizuri hata silinda zikiwa zimelika: unachonga, unaweka pistoni za saizi kubwa, unasahau. NZ si hivyo. Bloku lake ni aluminiamu, slivu zake za chuma (kuta za silinda) ni nyembamba na zimesubuliwa pamoja na bloku, na Toyota hawakuzitolea pistoni za saizi kubwa. Kwa hiyo NZ ikiwa imelika silinda, moshi wa bluu kila asubuhi, hatukushauri uifumue. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni kumpa mgonjwa panadol. Hiyo tafuta ya mtumba. Ikiwa silinda ni nzima na shida ni hedi au beringi, fumua yako, kwa sababu historia yake unaijua. Ya mtumba huijui.

(Wenye injini ya 1AZ ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, Noah na Voxy za kuanzia 2001, RAV4, Premio: ugonjwa wenu maarufu ni nyuzi za bolti za hedi kung'oka ndani ya bloku, hasa upande wa nyuma. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii. Nyuzi zinatobolewa na kuwekewa mpya za chuma kwanza.)

Ukienda Ilala au Gerezani hapa Dar kutafuta mtumba, usiende na jina la gari tu. Nenda na herufi za injini na mwaka wa gari. NZ za awali zinavutwa kwa kebo ya aksileta, za baadaye kwa umeme, na ukikosea hapo utaishia kununua waya na kontrol boksi kwa hela ambayo hukuipanga. Omba kifuniko cha oili kifunguliwe. Ndani pakiwa na lami nyeusi iliyoganda, aga kwa heshima. Izungushwe kwa mkono kupitia puli ya kranki, itembee mizunguko miwili kamili bila kukwama. Chungulia njia za maji: kutu nyekundu ni ishara mbaya. Angalia na kiungo cha sampu. Silikoni mbichi kwenye injini inayodaiwa imetoka Japani haijaguswa, mh, aliyeifungua alikuwa anatafuta nini? Dhamana ya kuiwasha na kuirudisha iandikwe kwenye risiti, maana neno la mdomo la sokoni linaisha ukivuka barabara.

Hela yote usiimalizie kwenye injini. Hili ndilo linalowaumiza wateja kuliko yote. Ukiwa na kumi, saba ziende kwenye injini na tatu zibaki. Tatu hizo ni rejeta kusafishwa au kubadilishwa, thamostati, pampu ya maji, mipira, kulenti badala ya maji ya kisima, oili lita 3.7 kwa NZ pamoja na chujio lake, sili ya nyuma ya kranki kabla giaboksi haijarudi. Mwaka jana tuliletewa gari lililofungwa injini ya mtumba kwingine, nzuri kabisa, ikafa wiki ya tatu. Rejeta ilikuwa ileile iliyoua injini ya kwanza. Thamostati ilishatupwa, eti joto la Dar haliihitaji. Inahitajika. Bila hiyo injini haifiki joto lake la kazi na mafuta yananywewa bure.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, tunza risiti ya ulikonunua na ufuatilie kadi ibadilishwe TRA (mamlaka ya mapato), hasa ukitoka 2NZ kwenda 1NZ, kwa sababu hapo na cc zimebadilika, kutoka 1,298 hadi 1,496. Usisubiri siku unauza gari na mnunuzi anainama na tochi kusoma bloku.

Mwenye IST alikuja na laki nane akitarajia kukopa zingine. Hakukopa. Tulimwambia arudi baada ya kilomita 1,000 tumwage oili na kuangalia kama kulenti imeshuka. Alirudi juzi, haijashuka.

Kwa wale tunaowafungia injini nyingine: ile ya zamani ni mali yako, msituachie uani. Kabla hujaipeleka kwa wa chuma chakavu, tutakutolea altaneta, stata, nozeli na koili za plagi kama ni nzima. Ziweke ndani kwako kwenye boksi. Siku stata ya hii mpya ikigoma, utakuja nayo mkononi.