Kabla ya kuyalaumu macho, tutazame mipangilio ya skrini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima, msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba kompyuta za maofisini zinatupofusha, na kwamba kila karani aliyetimiza miaka 40 hana budi kununuliwa miwani na mwajiri wake. Sina ugomvi na miwani, kwani mimi mwenyewe ninaivaa. Ninachopinga ni kuyatia macho hatiani peke yake, ilhali mara nyingi kosa liko katika namna herufi zinavyochorwa kwenye kioo cha kompyuta, na kosa hilo hurekebishika kwa muda mfupi bila mtu kutoa hata shilingi.

Ninaendesha stesheneri ndogo hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchapa ankara na orodha za mizigo za wafanyabiashara wa dagaa na sangara. Mwaka jana nilifanya kosa ambalo bado linanitia haya. Mteja alinitumia orodha ya magunia yake kwa WhatsApp, nikaifungua kwenye kompyuta ya dukani, nikawa ninasoma tarakimu na kuziingiza katika ankara mpya. Palipoandikwa kilo 860 mimi nilisoma 880. Tofauti hiyo ilibainika penye mizani, mbele ya mnunuzi na wapagazi, na mteja wangu akaonekana mbele ya watu kama mtu aliyetaka kujiongezea kilo 20 za bure. Nilirudi dukani, nikalifungua faili lile lile, nikasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, na bado ile sita ilifanana na nane. Nilipoitoa kwenye karatasi, sita ilikuwa sita bila utata wowote. Kama macho yangu yalikuwa mabovu, mbona yalipona ghafla mbele ya karatasi?

Jibu lilianzia kwenye hesabu. Printa ya kawaida ya leza huweka nukta 600 katika kila inchi moja, kwa hiyo herufi ya ukubwa wa pointi 10 hupata takriban nukta 83 za kuichora kutoka juu hadi chini. Kompyuta yenye Windows, ikiwa haijabadilishwa, huhesabu nukta 96 kwa inchi, na herufi ile ile hupata nukta 13 tu. Katika hizo 13, mwili wa herufi ndogo kama a, e na m huambulia kama saba, kwa sababu nafasi nyingine ni ya mikia ya g na y na vichwa vya b na k. Tarakimu nane inahitaji mistari mitatu ya kulala na matundu mawili katikati yake. Sita inahitaji hayo hayo, isipokuwa ina uwazi mdogo upande wa juu kulia. Uwazi huo, katika ukubwa huo, ni nukta moja au mbili. Zikifunikwa na ukungu wa kijivu, kilo 20 za dagaa zimezaliwa.

Wengi hudhani kwamba ndani ya kompyuta mna picha za herufi zilizokwisha kuchorwa. Sivyo. Fonti, yaani faili lenye herufi za mtindo mmoja, huhifadhi mizingo ya herufi, yaani mistari inayozunguka umbo lake, kwa njia ya kihesabu, na kila mara tunapoandika, programu huichukua mizingo hiyo na kuilaza juu ya safu za nukta za kioo, kisha huamua ni nukta zipi ziwashwe. Aliyewahi kuona jina la bibi harusi likisukwa kwenye mkeka atanielewa upesi. Msusi hawezi kupitisha nusu ya ukindu. Ama utepe uliotiwa rangi umepita hapo, ama haukupita, na ndiyo maana mviringo wa o kwenye mkeka huwa na ngazi. Sasa chukua herufi m, yenye nguzo tatu. Kwa mujibu wa hesabu, kila nguzo ingepaswa kuwa na unene wa nukta moja na sehemu kidogo. Kompyuta ikikadiria kila nguzo kivyake, moja hutoka na unene wa nukta moja na jirani yake hutoka na nukta mbili, na herufi huonekana kama mtu anayechechemea. Katika lugha yetu, ambayo ngeli yake ya kwanza hufunguliwa kwa m, hilo si jambo dogo. Neno mmomonyoko peke yake lina nguzo 11 za m na n.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ambalo mafundi wa fonti huliita hinti. Hizi ni amri ndogo ndogo zinazowekwa ndani ya fonti yenyewe, zinazoiambia kompyuta kwamba, hata nukta zikiwa chache, nguzo zote tatu za m ziwe na unene mmoja, herufi ndogo zote zisimame kwenye kimo kimoja, tundu la e lisizibwe, na uwazi wa sita ubaki wazi. Mfumo wa fonti uitwao TrueType, ulioasisiwa katika kampuni ya Apple chini ya mhandisi Sampo Kaasila na kutolewa kwa umma mwaka 1991, uliifanya hinti kuwa programu kamili inayotembea ndani ya kila herufi. Mwaka uliofuata Microsoft iliuingiza katika Windows 3.1 pamoja na fonti za Arial na Times New Roman, ambazo mpaka leo ndizo zinazochapiwa barua nyingi za maombi ya kazi zinazopita mikononi mwangu.

Kazi ya kuandika amri hizo kwa mkono ni ya subira kubwa. Vijana wawili ninaofanya nao kazi walicheka nilipowaambia kwamba wapo watu duniani wanaolipwa kukaa na kupanga nukta za herufi moja baada ya nyingine. Lakini matunda yake yanaonekana. Fonti ya Verdana, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, ilichorwa na Matthew Carter kwa kuanzia kwenye nukta zenyewe na kuzungushia mizingo baadaye, kinyume cha desturi, kisha Tom Rickner akaiwekea hinti. Faida yake nitaionyesha kwa jina la wilaya yetu. Andika Ilemela kwa Arial, na herufi mbili za mwanzo zitatokea kama vijiti viwili vinavyofanana, usijue ipi ni I kubwa na ipi ni l ndogo. Andika kwa Verdana, na I kubwa itavaa kofia na viatu, ikatengana na jirani yake. Tangu nilipolitambua hilo, namba za hati na nywila ninazowaandikia wateja huziandika kwa Verdana, ingawa wapo wanaosema ni fonti pana mno na inakula karatasi. Kweli inakula.

Baada ya hinti ilikuja mbinu ya kulainisha kingo, yaani kuzipaka rangi ya kijivu zile nukta ambazo mzingo wa herufi umezipitia nusu tu. Halafu ikaja ClearType, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998. Kila nukta ya kioo bapa imegawanyika katika vijiti vitatu vilivyosimama, chekundu, cha kijani na cha buluu, na ClearType huviwasha vijiti hivyo kimoja kimoja kana kwamba kila kimoja ni nukta inayojitegemea, hivyo upana wa herufi unapata hatua tatu mahali palipokuwa na moja. Gharama yake ni utando mwembamba wa rangi kwenye kingo za herufi, ambao huwasumbua baadhi ya watu, na wengine tusiuone kabisa. Katika Windows XP ya mwaka 2001 mbinu hiyo ilikuwapo lakini imezimwa, na mtumiaji alipaswa kuijua na kuiwasha mwenyewe. Ilianza kuja ikiwa imewashwa katika Windows Vista mwaka 2007. Apple kwa upande wao walishika njia nyingine, ya kulinda umbo la herufi kama lilivyochorwa hata kama kingo zitakuwa na ukungu kidogo, na mwaka 2018 waliacha kutumia vijiti vya rangi katika kompyuta zao kwa kuwa vioo vyao vipya vina nukta nyingi mno.

Hiyo ndiyo sababu vijana hutushangaa tunapolalamika. Simu ya inchi 6.5 yenye nukta 720 kwa 1600 ina takriban nukta 270 katika kila inchi, na kwa wingi huo hinti haina kazi kubwa. Skrini yangu ya dukani, ya inchi 19 yenye nukta 1280 kwa 1024, ina nukta 86 tu kwa inchi. Mtu anayetoka kuisoma simu yake na kugeukia skrini ya namna hiyo, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ataapa kwamba macho yamemwishia ghafla.

Sasa nirudi kwenye kilo zangu 20. Miaka mitatu kabla ya kosa lile, nilimlalamikia fundi kwamba maandishi ni madogo. Naye, kwa nia njema, aliyakuza kwa njia ya mkato, akaiambia kompyuta itume nukta 1024 kwa 768 kwenye kioo chenye nukta 1280 kwa 1024. Herufi zilikua, nami nikamshukuru na kumlipa. Nisichokijua ni kwamba kuanzia siku hiyo kila nukta nne za upana zilikuwa zinatandazwa juu ya nukta tano, na kila tatu za kimo juu ya nne. Kompyuta iliendelea kuzitii hinti kwa uaminifu wote, lakini ilizitii kwa safu za nukta ambazo kwenye kioo hazipo, kisha kioo kikayachukua maandishi yaliyokwisha kupangwa vizuri na kuyavuruga kwa kuyatandaza upya. Vile vijiti vya rangi vya ClearType navyo havikuangukia mahali pake. Ni sawa na kumpimia mtu suti kwa makini, kisha ukaivuta ili imwenee kaka yake.

Tiba yake niliifanya mwenyewe. Nilifungua mipangilio ya skrini kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, nikarudisha idadi ya nukta ile ambayo kompyuta yenyewe huipendekeza, na ili maandishi yasiwe madogo nikakuza vipimo vya maandishi hadi asilimia 125, jambo ambalo huifanya kompyuta iichore upya kila herufi kwa ukubwa mpya badala ya kuitandaza ile ya zamani. Kisha niliandika ClearType katika sehemu ya kutafuta, ikafunguka programu inayokuonyesha sampuli za maandishi na kukutaka uchague iliyo wazi zaidi kwa macho yako. Mwisho, kwa kuwa skrini yangu bado inatumia ule waya wa VGA wenye kichwa cha buluu, nilibonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho chini ya kioo, kwa sababu waya wa aina hiyo unaweza kuzitelezesha nukta hata mipangilio mingine ikiwa sawa. Sita ikawa sita.

Tangu hapo, ninapopeleka kazi katika ofisi ninazozihudumia, huomba ruhusa ya kutazama mipangilio ya skrini, na si mara moja wala mbili nimekuta kosa lile lile, la fundi aliyekuza maandishi kwa kupunguza nukta. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaoandika mikataba ya kununua na kufunga kompyuta, hasa zile zilizotumika, ni kwamba waongeze sharti moja: fundi asilipwe mpaka skrini iwe kwenye idadi yake halisi ya nukta na mtumiaji mwenyewe awe amekaa mbele yake akachagua sampuli za maandishi. Mwenye maumivu ya macho au kichwa aende kliniki, tena asichelewe. Ila aende akijua kwamba kioo chake kimekwisha kukaguliwa.

Lipo jambo jingine, Mhariri, na uniwie radhi kwa kuwa linaligusa gazeti hili. Ukurasa wa barua unapowekwa mtandaoni kama picha iliyopigwa kutoka kwenye karatasi, mbinu zote nilizozieleza haziwezi kumsaidia msomaji hata kidogo. Hinti hukaa ndani ya fonti, na katika picha hamna fonti, mna madoa tu ambayo kila anayeyakuza huyazidishia ukungu. Matangazo ya ajira na ya zabuni yanayosambazwa kwenye simu yana kasoro hiyo hiyo, na WhatsApp kwa kawaida huyabana zaidi yanapotumwa kama picha. Maandishi yakitumwa yakiwa maandishi, kompyuta ya kila msomaji itayachora upya kulingana na kioo chake, hata kama kioo hicho ni cha inchi 19 kilichochoka kama changu. Na kama mbunifu wa tovuti yenu angekubali kuitoa ile rangi ya kijivu hafifu na kuweka nyeusi, sisi wa nukta 86 tungemshukuru.

Mteja wangu wa dagaa amerudi. Kila ninapomchapia ankara, huniomba kwanza nizisome tarakimu zote kwa sauti, naye huzifuatilia katika daftari lake lililoandikwa kwa kalamu. Nimemweleza habari za nukta na hinti kuanzia mwanzo hadi mwisho, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia niendelee kusoma.

Wako,
Msomaji,
Kirumba, Mwanza